Mchezo Uleule kwa Miaka Kumi na Moja

Kamati ya utamaduni ya klabu ya Waturuki ilikuwa na watu tisa, na kati ya hao tisa sikuwahi kumwona hata mmoja akisoma karatasi hadi mwisho. Walisoma kichwa, wakatafuta majina yao, wakaridhika au wakanuna, kisha wakaomba chai. Chai nilichemsha mimi, kwa namna yao, birika dogo juu ya birika kubwa. Nilikaa mapokezi katika klabu hiyo kwa karibu miaka miwili, kule Al Wukair, pembeni mwa Doha, kwenye nyumba ya kupanga yenye bwawa la kuogelea ambalo halijawahi kutiwa maji. Nina digrii ya sanaa za maonyesho kutoka Kenya. Mtu wa kwanza kuniuliza juu ya digrii hiyo baada ya kuhitimu alikuwa wakala wa ajira, na alichotaka kujua ni kama ninaweza kusimama kwa saa nane bila kuketi.

Kwa hiyo mwenyekiti aliponiambia niandike historia ya tamthilia ya Kituruki hapa Doha, nilishindwa kula kwa furaha na kwa hofu. Klabu ilitaka kijitabu cha kugawa kwenye sherehe yake kubwa, kiandikwe kwa Kiingereza kisha kitafsiriwe. Nilijiuliza kwa nini mimi, Mkenya ambaye Kituruki chake kilitosha kupokea simu na kuagiza maji ya kunywa. Nikajijibu kwamba mwenyekiti ametambua kipaji. Ukweli ni kwamba wajumbe wanane walikuwa wamekwisha kuikataa kazi hiyo mmoja baada ya mwingine, na mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango.

Mwenyekiti aliishi Pearl, kwa matajiri, na aliuza marumaru. Alimwita kila mfanyakazi wa kike "binti", macho yakiwa kwenye simu. Aliniwekea mezani sanduku la mafaili, akasema, "Yote yamo humu, binti. Wewe panga tu."

Sandukuni mlikuwa na maombi ya ukumbi. Kikundi cha tamthilia cha Waturuki kilicheza mara moja kwa mwaka katika ukumbi wa shule fulani, kwa miaka kumi na moja, kabla hakijafifia. Kila mwaka shule ilitaka fomu, orodha ya washiriki, na maandishi ya mchezo wenyewe. Nilifungua faili la kwanza: mchezo wa harusi ya kijijini, kurasa kumi na mbili, baba wa bibi harusi akimkatalia mchumba kwa sababu ndogondogo. Mwishoni, mtunzi: mwenyekiti wetu, enzi hizo akiwa katibu wa kikundi. Nilifungua faili la pili. Harusi. La tatu, harusi. Mafaili kumi na moja, kurasa zilezile, na kwenye ukurasa wa nne doa lilelile la chai, ambalo kwa kunakiliwa na kunakiliwa tena lilikuwa limekolea hadi kuficha maneno mawili.

Mtu wa kawaida angesema: wamenakili. Mimi nilifikiri kwa wiki tatu. Niliandika insha ya kurasa kumi na nne kuhusu jamii iliyo mbali na kwao, inayorudia mchezo mmoja mwaka baada ya mwaka kama watu wanaorudi nyumbani kila likizo na kukuta kiti kiko palepale. Nilisema kwamba lugha ya wachache haitaki mchezo mpya. Inataka kusikia maneno yaleyale ili ihakikishe bado yapo. Nilijiona nimeandika kitu ambacho walimu wangu wangekisoma wamesimama.

Nilimsomea mwenzangu wa chumba. Tulikuwa tumepanga vitanda katika nyumba moja kwenye eneo la Najma, chumba kimegawanywa kwa mbao, na yeye, msichana wa Kisumu anayefanya kazi kwenye dobi la hoteli, alikuwa upande wa dirisha.

"Aki mami," akasema nilipomaliza, "si walikuwa tu wavivu? Hata sisi kazini ile fomu ya usalama tunatoa kopi ya mwaka jana."

"Huelewi nadharia," nikamwambia.

"Sielewi, lakini naona doa la chai. Hilo nalo ni nadharia?"

Doa lile nilikuwa nimeliandikia aya nzima.

Kamati iliipenda insha. Nilisoma vipande vyake mbele yao siku ya Ijumaa, wakaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti alisikiliza amefumba macho. Mtu aliyetunga mchezo wa kustahili kurudiwa miaka kumi na moja! Hakunikatiza, hakunisahihisha, na mwisho alisema kwamba hatimaye klabu imepata mtu anayeelewa. Waliamua palepale kwamba siku ya sherehe mchezo wa harusi uchezwe tena, safari hii kwa Kiingereza, ili wageni waelewe. Neno "wageni" lilikuwa la adabu tu. Wasioelewa Kituruki walikuwa watoto wao wenyewe, ambao bibi zao wakipiga simu kutoka Izmir huwajibu "okay, bye" na kurudi kwenye michezo yao. Walikuwa wanatayarisha kijitabu cha kujisifu kwa kuilinda lugha, na kukizindua kwa mchezo usiokuwa na neno lake hata moja. Niliona hilo, na nikaliandika kama tanbihi. Nilikuwa nasikia sifa bado masikioni.

Makoti ya mchezo yalihitaji kupunguzwa. Nilitumwa niyapeleke kwa fundi cherehani Mturuki aliyekuwa na duka dogo Najma, mitaa miwili kutoka kwangu, kati ya duka la simu na mkahawa wa Wanepali. Alikuwa mama wa karibu miaka sabini, mfupi, amevaa miwani mbili, moja machoni na moja kwenye nywele. Watu wote walimwita abla, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Kazi yake ilikuwa kupinda mabuibui na kupunguza sare za walinzi. Alipokea koti la kwanza, akaligeuza ndani nje, akaonyesha kulichukia.

"Hili la nani?" aliuliza, pini zikiwa mdomoni.

"La baba wa bibi harusi."

"Bibi harusi yupi?"

"Wa ule mchezo, abla. Ule mliokuwa mnaurudia kila mwaka."

Akatoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kifuko chake cha mkononi. "Nani alikuwa anarudia?"

Nikamweleza. Nilitumia Kituruki cha mapokezi, Kiarabu cha sokoni na Kiingereza, na kwa kuwa nilikuwa najivunia, nilimweleza mpaka nadharia. Aliniacha nimalize.

"Umesoma miaka mingapi?"

"Minne, chuo kikuu."

"Waliokufundisha wako hai?"

"Wako hai."

"Wapigie simu wakurudishie hiyo miaka minne."

Kisha akacheka, kicheko cha pua, na kuanzia siku hiyo hakuniita jina lingine ila "msomi".

Mchezo wa harusi haukuwahi kuchezwa hata siku moja. Kikundi kilicheza michezo kumi na moja tofauti, na yote aliitunga yeye. Aliniambia hivyo kama mtu anavyotaja anwani yake. Alikuja Doha kumfuata mumewe, aliyekuwa mkunja vyuma kwenye kambi ya ujenzi. Wanaume wale siku nzima walikuwa na maneno kumi tu, nusu Kiarabu nusu Kihindi: leta, shika, inua, shusha, haraka. Jioni walikuwa wamechoka hata kwa hayo kumi. "Walitaka kusikia sentensi yenye mkia," alisema. Akaanza kuwatungia vichekesho kwenye bwalo la kambi, meza zikiunganishwa kuwa jukwaa. Baadaye wakaja wahandisi, wakaja wenye mikahawa na vinyozi, na watu wakawa wengi hadi wakaomba ukumbi wa shule.

Hakuandika kitu. Alikuwa anashona mavazi ya waigizaji, na wakati wa kumpima mtu, akiwa amemsimamisha juu ya kigoda, ndipo alipompa maneno yake. Pindo moja, maneno matatu manne. Mtu akirudi kwa mikono ya koti, anapewa sehemu inayofuata. Kila mwigizaji alitoka dukani na nguo yake na maneno yake, na hakuna aliyekuwa na ya mwenzake. Wote walikutana na mchezo mzima kwa mara ya kwanza ukumbini, na yeye akiwa nyuma ya pazia na sindano, akimnong'oneza aliyepotea.

Shule ilipodai maandishi, hayakuwapo. Katibu, kijana karani wa ofisi ya kambi, akapiga chapa kichekesho cha harusi katika alasiri moja, akatia jina lake chini, akaambatanisha. Pale shuleni hakuna aliyesoma Kituruki. Mwaka uliofuata akatoa nakala. Na uliofuata.

"Na wewe hukusema?" nikauliza.

"Niseme nini? Ilikuwa karatasi ya kupatia funguo. Sikujua kwamba siku moja atakuja msomi aisujudie."

Akanitazama juu ya miwani. "Mwanangu amehamishwa kazi. Kibali changu cha kuishi hapa kiko chini yake, kwa hiyo na mimi naondoka, siku thelathini zimebaki. Nilikuja hapa mke wa fulani, naondoka mama wa fulani. Katikati nilifanya kitu kimoja. Kitabu chenu kimeniandika wapi?"

Nilijua. Mimi ndiye niliyeandika. Ukurasa wa mwisho, chini ya "Mavazi".

"Kitabu kikishatoka, basi," alisema, akirudisha pini mdomoni. "Hakuna kingine kitakachoandikwa. Nitakuwa nilishona."

Nilirudi chumbani nikakaa na jambo hilo kama mtu aliyemeza mfupa. Niliandika kwenye daftari sababu za kumweleza mwenyekiti na sababu za kutomweleza, kisha nikaandika sababu za kutoamini orodha. Mwenzangu alinitazama siku nne. Siku ya tano akasema, "Wewe digrii itakuua. Enda useme."

Nikaenda. Mwenyekiti hakukasirika, na ningependelea angekasirika. Alinionea huruma.

"Abla ni mtu mzuri sana," alisema. "Alitushonea vizuri sana. Lakini binti, umri. Watu wakizeeka hukumbuka vitu vikubwa kuliko vilivyokuwa."

"Anasema michezo yote ilikuwa yake."

"Maandishi yako wapi?"

"Hakuandika."

"Mimi niliandika." Aligonga sanduku kwa kidole. "Wewe ni mtu wa chuo. Historia ni nini kama si maandishi?" Halafu, kwa upole, kama anayeuliza habari za nyumbani: "Mkataba wako unaisha lini?"

Swali hilo lilinila wiki nzima. Huenda lilikuwa la kawaida tu. Huenda alitaka kuniongezea muda. Nilichambua sauti yake, nilichambua kidole, nilichambua kwamba katika swali hilo hakusema "binti". Leo naona aibu. Mtu aliyejivika kilemba cha ukoka kwa nakala za fomu aliniuliza swali moja, na mimi nikaacha kumfikiria yule mama nikaanza kujifikiria.

Nilichofanya hatimaye nilikifanya kwa sababu ya hofu nyingine: kwamba insha yangu ni uongo na iko karibu kuchapishwa. Nilikwenda kwa watu wawili waliobaki Doha kati ya waigizaji wa zamani. Wa kwanza alikuwa kinyozi. Alikuwa anamnyoa mteja ndevu nilipomuuliza, na bila kusimamisha wembe akatamka kwa sauti kubwa, "Mimi siondoki dirishani hapa hata akija waziri!" Mteja akashtuka, akakaribia kukatwa.

"Huo ni mchezo gani?" nikauliza.

"Sijui. Nilikuwa dirishani."

"Ulihusu nini?"

"Mimi sehemu yangu nakumbuka yote. Hayo mengine muulize abla."

Wa pili alikuwa mhandisi mstaafu, mrefu, mwenye kucheka peke yake. Yeye alikuwa na maneno ya michezo minne. Alinipa yote, yakiwa yamekatika kama barua iliyoliwa na panya: "Mguu huu wa nani?" Kimya. "Basi na urudi kwa mwenyewe." Kimya kirefu. "Kwetu Trabzon tunalala hivi." Aliona fahari kubwa na hakujua alikuwa anamjibu nani. Kila mtu alikuwa amebeba kipande chake kwa miaka, kikiwa kizima, na nguo moja tu iliyowahi kuviunganisha vyote ilikuwa kichwani mwa mama mmoja mwenye tiketi ya ndege.

Nikamwomba abla anisomee mchezo mmoja niuandike. Alikaa kwenye kiti, akakunja mikono, akafungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Alijaribu tena. Nilimwona akiogopa, mara ya kwanza na ya mwisho.

"Sijawahi kuusema nikiwa nimekaa," alisema. Kisha, kwa hasira, kana kwamba kosa ni langu: "Panda."

Nikapanda kigodani. Alinivika sare ya mlinzi iliyokuwa ikingoja kupunguzwa, pana mara mbili yangu, akapiga magoti, akaweka pini mdomoni, akaanza pindo la kushoto. Na maneno yakaja. Yalikuja na sauti ya kila mtu, yakipita kando ya pini, na mimi nikiandika kwenye daftari juu ya kichwa chake, nikimwomba arudie neno hili na lile, naye akinichoma kila nilipotikisika. Kwa alasiri tatu tuliandika mchezo mmoja. Unahusu jengo la wafanyakazi ambalo viyoyozi vyote vimekufa isipokuwa kimoja, na watu wote wanahamia chumba hicho, wakilala kwa mpangilio wa mikoa ya kwao, na ugomvi unaanza kwa sababu mkoa mmoja una miguu mirefu. Kinyozi yumo, dirishani. Mguu wa mhandisi umo. Nilicheka hadi pindo likapinda.

Nilimpelekea mwenyekiti kurasa. Alizipindua.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wangu."

"Na wewe una digrii ya mambo haya haya." Akanirudishia. "Vizuri sana, binti. Una kipaji."

Zilikuwa zimebaki siku kumi. Ijumaa hiyo kamati ilikutana kupitisha kijitabu, na nilikuwa nimewaomba kinyozi na mhandisi waje. Abla nilimwomba pia. Alisema, "Siendi kuomba jina langu," na akaniambia nisimame wima.

Kwa dakika arobaini kamati ilijadili nani aketi safu ya mbele siku ya sherehe. Kisha nikasimama. Nilisema ningependa wasikie kipande kifupi kabla ya kupitisha, na kwamba nitasoma mimi sehemu za wasiokuwapo. Mjumbe mmoja alitazama saa. Mwenyekiti alikuwa kwenye simu yake.

Kinyozi alianza, na dirisha lake. Mhandisi akauliza mguu ni wa nani. Nilisoma sehemu ya mpishi kwa Kituruki changu kibovu, wakacheka, wakanisamehe. Kinyozi akamjibu mhandisi, na nikaona nyuso zao zikigeuka. Walikuwa wanasikia kwa mara ya kwanza baada ya miaka kile walichokuwa wakijibizana. Wajumbe wawili wakaacha kunong'ona. Tukafika mahali ambapo karani wa kampuni anaingia kuhesabu watu. Nilivuta pumzi nisome.

"Kampuni imehesabu saba," ilisema sauti ya puani, ya dharau, kutoka mwisho wa meza. "Mimi naona wanane. Nani kati yenu hayupo?"

Ilikuwa ya mwenyekiti. Hakuwa ameinua macho kutoka kwenye simu. Maneno yalimtoka kama mtu anavyoitikia amina.

Aliinua kichwa, akatutazama, akaelewa alichofanya.

"Umekosea," mhandisi alimwambia, kwa upole. "Ulikuwa unapiga chafya kwanza. Abla alikuwekea leso mfukoni."

Kinyozi akacheka. Kisha wakacheka wengine, mmoja baada ya mwingine, hata yule wa saa. Mwenyekiti alisema lile lilikuwa zoezi tu, mzaha wa kambi, si mchezo wenyewe. Mhandisi akamuuliza ni mzaha gani uliokuwa na leso.

Ungedhani baada ya hapo kungekuwa na aibu. Kulikuwa na kikao. Walijadili namna ya kuandika jambo hilo bila mtu yeyote kuonekana amefanya kitu. Mmoja alipendekeza "michezo ilitungwa na jumuiya". Mwingine akapendekeza jina la abla na la mwenyekiti yakae pamoja, kwa alfabeti, na ikawa kwamba kwa alfabeti mwenyekiti anatangulia. Mhandisi alikataa kuondoka. Alikaa pale na mguu wake mrefu katikati ya chumba, akisema kila baada ya muda, "Nani kati yenu hayupo?" hadi wakachoka. Mwisho walikubali jina la abla peke yake, mtunzi wa michezo kumi na moja, kwa sharti kwamba mafaili yale yatajwe kuwa ni "kosa la uchapaji". Kosa la uchapaji la miaka kumi na moja! Niliandika hivyo, kwa mkono wangu, kwa sababu jina la abla lilikuwa juu ya maneno hayo na sikutaka wafungue tena mjadala. Insha yangu niliitoa mwenyewe. Hakuna aliyeuliza imekwenda wapi.

Nilimpelekea abla ukurasa kesho yake. Aliusoma kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili. Nilingoja, na sijui nilingoja nini.

"Kumi na mbili," alisema. "Mwaka ule umeme ulikatika tukiwa katikati, tukarudi baadaye na mwingine. Ulianza, kwa hiyo upo."

"Nitabadilisha."

"Hawatabadilisha." Alikunja ukurasa, akautia kwenye kifuko cha pini. "Umeandika mingapi?"

"Mmoja."

"Na nina siku tisa." Akavuta kigoda kwa mguu. "Panda, msomi. Unangoja kamati?"

Nilikwenda kila siku baada ya kazi, saa kumi na moja. Sare za walinzi zilipoisha alitumia buibui la jirani. Buibui lilipochukuliwa alitumia nguo zangu mwenyewe, akifumua pindo lisilo na kasoro ili apate la kushona. Mwenzangu wa chumba alikuja mara moja kunitafuta, akanikuta juu ya kigoda na pini kiunoni, akamwambia abla kwa Kiswahili, "Mama, mchome huyo, mchome sana," na abla, ambaye hakuelewa neno, akanichoma. Klabu nayo ilikuwa inafanya mazoezi ya harusi yao kwa Kiingereza.

Alasiri ya mwisho cherehani ilikuwa imekwisha kuuzwa na duka lilikuwa na kigoda tu na taa. Tulikuwa kwenye mchezo wa tano. Mke yuko jikoni, anawaandalia chakula watu sita wasiopendana, na anasikia hatua kwenye ngazi. Abla alikuwa amepiga magoti, mkono kwenye pindo la sketi yangu ya kazi. Mlango, alisema, unafunguliwa, na anaingia. Hapo simu yake ikalia. Alikuwa mwanawe, masanduku lazima yapimwe sasa hivi, gari liko barabarani. Aliinuka kwa shida akishika bega langu, akatafuta viatu, akanigombeza kwa kusimama kama kuni, akaondoka. Nilimpigia kesho yake na keshokutwa. Namba ilikuwa ya hapa, na ilikuwa imefungwa.

Ninayo michezo minne na nusu. Katika hiyo nusu mlango umefunguliwa, wote sita wamegeuka kutazama, na sijui aliyeingia ni nani. Nimewauliza kinyozi na mhandisi. Kila mmoja anasema hakuwa yeye.